Nionyeshe Kidonda

Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua pa kuanzia. Ni mtu anayekupakulia chakula kwa mkono wake, anakaa mbele yako, na anatazama kila tonge mpaka likushuke. Langu sasa halikuwa likishuka. Lilifika katikati ya kifua likasimama hapo hapo, nami nikainuka mezani mbio, nikanywa maji wima, nikapandisha mabega, nikasubiri. Siku nyingine lilipita. Siku nyingine lilirudi lilikotoka.

"Chakula changu kina nini?" aliuliza.

"Hakina kitu, Mama. Ni kifua."

"Kifua gani hicho kinachagua saa ya kula? Mbona ukisuka watu kutwa nzima hakikuumi?"

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yake, chumba cha kulala ni cha nyuma, na meza ya chakula iko katikati. Wazazi wangu hawapo tena duniani, kwa hiyo hata kukasirika nilikasirikia humo humo. Nilikonda mpaka wateja wakaanza kuniuliza siri ya kupungua. Nikacheka nao.

Hospitali ya kwanza walinipitisha kamera kooni, wakasema mimi mzima kama kigongo. Neno hilo mama mkwe alilishika. Kila nilipoinuka mezani alilitoa. Mume wangu, mtoto wake wa pekee, alijitia hamnazo, akatafuna upande wake.

Kisha nikampata daktari mmoja, dada kijana mwenye maneno machache, aliyekuwa akifanya utafiti kuhusu watu wanaokwamwa na chakula. Alinipitishia puani mrija mwembamba wa kupima mgandamizo, akaninywesha maji funda baada ya funda. Kwenye kioo cha mashine kila funda lilichora rangi zake. Akamwita mume wangu aje aone.

"Hapa chini kuna msuli, ndio mlango wa tumbo," alimwambia. "Kwa mke wako haufunguki akimeza. Kamera ingeukosa, maana hakuna kidonda wala uvimbe. Lazima upime nguvu ya msuli wenyewe."

Mume wangu akanishika bega. Nililia pale pale, mrija ukiwa bado puani, kwa furaha ya kuambiwa naumwa.

Zamani, daktari alisema, wangenifungua tumbo. Siku hizi wanaingilia mdomoni, wanapita ndani ya ukuta wa njia ya chakula, wanaukata msuli, wanabana pale walipoingilia, wanatoka. "Nje hakutakuwa na alama hata moja," alisema, kama anayenipa zawadi. Niliipokea kama zawadi.

Niliporudi nyumbani baada ya upasuaji nilikuta kitanda kimetandikwa upya, vitambaa safi vimechemshwa na kukunjwa, na majirani wameonywa wasije kunichosha. Mama mkwe alikuwa amejiandaa kuniuguza kwelikweli. Yeye mwenyewe alimzaa mume wangu kwa kisu, na kovu lake hakuna mwanamke wa familia hii ambaye hajaonyeshwa.

"Haya, mwanangu, nionyeshe kidonda."

"Hakuna, Mama. Walipitia mdomoni."

Akanifunua gauni, akanitazama tumbo, akanigeuza mgongo. Nilimwonea huruma, mikono ilivyomlegea. Mume wangu akatoa simu, akamwonyesha video ya upasuaji tuliyopewa hospitali. Aliitazama mpaka mwisho.

"Hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote," akasema, akachukua vitambaa vyake akavirudisha kabatini.

Jioni akaniwekea nyama na viazi. "Kama wamekutengeneza, kula."

Daktari alikuwa ameniruhusu vya majimaji tu kwa kuanzia. Tonge gumu lingeweza kufumua pale walipobana, chakula kikavujia kifuani, na hapo ni kufa. Nikila, nahatarisha roho. Nisipokula, mimi ni mwongo mbele ya nyumba nzima. Nikamtazama mume wangu.

"Onja kidogo tu," alinong'ona. "Yaishe."

"Yaishe hayo, au niishe mimi?"

Nikaenda chumbani. Nilikunywa supu iliyochujwa huko huko, mlango nimeufunga, nikiwasikia wakiongea mezani. Hakuna aliyenigombeza, na hakuna aliyebisha hodi.

Siku niliyoruhusiwa kula, nilikaa mahali pangu, mama mkwe mahali pake. Nikachukua tonge, nikatafuna, nikameza, mkono tayari kwenye kikombe cha maji. Sikulisikia lilivyopita. Nikachukua jingine, na jingine. Nyama ilikuwa na ladha! Machozi yalinitoka huku nikitafuna, na sahani ikabaki nyeupe.

Mama mkwe alipiga makofi, uso umemng'aa. Ilikuwa furaha isiyo na hila hata chembe. Akamgeukia mwanawe.

"Unaona? Si nilisema? Huyu hakuwa na ugonjwa wowote, ni kudekezwa tu. Amekaa na njaa chumbani, akili imemrudia."

Nilimtazama mume wangu. Yeye aliziona zile rangi kwenye kioo. Aliusikia ule mlango wa tumbo ukielezwa, mkono wake ukiwa begani kwangu. Sasa alitabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kweli, Mama," akasema.

Nilikuwa bado na njaa. Nikasogeza sahani mbele.

"Niongeze, Mama," nikasema, naye akanipakulia kwa mkono wake, akakaa kunitazama.