Sanamu Tatu Zisizo na Vichwa

Kesho yake asubuhi Mama Pindo alikuwa na mtihani wa historia, wa darasa la jioni la watu wazima. Ulishamwangusha mara mbili, na safari hii aliapa: akifeli tena, shule basi, arudi kwenye pindo zake. Swali alilijua, maana kila mwaka lilibadilishwa shati tu: linganisha mapinduzi, yalisababishwa na nini, na kwa nini mengine yalimwaga damu zaidi?

Ila sababu zilimchanganyikia kichwani kama vifungo vya kopo moja.

Mchana huo joto lilikuwa la kuchemsha pasi. Mzee Futi, mwenye karakana ya ushonaji walimofanya kazi, alikuwa amejifungia ofisini na feni pekee iliyokuwepo. Wifi yake Mama Pindo, wa cherehani ya jirani, akapata wazo.

"Tutumie sanamu, wifi. Wewe usichokishika hukikumbuki."

Wakazivuta sanamu tatu za kupimia nguo, wakazibandika majina kwa pini: Ufaransa, Haiti, Ureno. Vikaratasi vya sababu wakavipanga miguuni.

"Mbona Ufaransa haina kichwa?" Mama Pindo akauliza.

"Wifi, zote hazina."

"Basi zote Ufaransa!"

Wakacheka mpaka wakaegemeana.

"Haya, Haiti?" wifi akaanza kumhoji.

"Utumwa. Damu nyingi, maana mabwana hawakutaka kuachia hata ukucha."

"Ureno?"

"Kuchoshwa na vita vya makoloni. Askari wenyewe waliigeuka serikali, watu wakawachomekea maua kwenye bunduki. Damu kidogo sana."

"Ufaransa?"

"Kodi kwa wanyonge, mkate kupanda bei, na mfalme..." Mama Pindo akachora mstari wa chaki shingoni mwa koti lililovalishwa sanamu.

Mlango ukafunguka. Koti lile lilikuwa la Mzee Futi mwenyewe, la harusi ya bintiye.

Mzee akalizunguka polepole, futi ikimning'inia shingoni. "Huyu mfalme alikosea wapi?"

Mama Pindo akaona bora afukuzwe akiwa amejibu. "Aliombwa kidogo, mzee, akasitasita. Akaombwa zaidi, akatoroka, wakamrudisha. Mwisho hakuombwa tena."

"Angetoa mapema?"

"Labda shingo ingebaki. Wasomi wenyewe bado wanabishana."

Mzee Futi akajishika shingo, akatoka. Akarudi amekumbatia feni kama mtoto mchanga, akaiwasha.

Vikaratasi vikaruka karakana nzima.

"Mtihani wangu!" Mama Pindo akapiga yowe. Wifi akapiga mbizi chini ya meza, mzee naye akapiga magoti, wakigongana vichwa na kucheka.

"Kodi?" wifi akauliza, akiwa na kikaratasi mkononi.

"Ufaransa!"

"Utumwa?"

"Haiti!"

"Vita vya makoloni?"

"Ureno! Wifi, nimeweza!"

Mzee Futi akainuka na cha mwisho. "Hiki kimeandikwa 'Kuchoka kuonewa.' Cha nani?"

"Hicho weka popote, mzee."

Mzee Futi akakitazama kikaratasi, akaitazama feni, kisha akaiongeza kasi mpaka namba tatu.