Kipande Kizima

Mwaka ule Operesheni ya vijiji ilipowahamishia watu kijiji kipya nje ya Mitundu, magoti ya Elina yalikuwa tayari yamechoka. Alikuwa amebeba tangu ana miaka saba: maji, kuni, watoto wa wenzake, na njaa ilipowakaba, magunia ya mtama ya wafanyabiashara wa Itigi. Mumewe Laurenti alirudi kutoka mashamba ya mkonge mgongo umepinda, na jina lake lilishaingia kwenye orodha ya wasiojiweza. Hao hawakulima wala kupata mgawo; waliahidiwa unga wa msaada. Tangu Pasaka ulikuwa haujaja. Wote wawili walikula mgawo wa Elina wa shamba la kijiji, ambako wazee walipimiwa nusu tu ya kipande cha kulima cha vijana.

Kisha kamati ya kijiji ikasema wapo wazee wanaojisingizia udhaifu. Kila mmoja abebe debe la maji kutoka kisimani hadi ofisini.

“Shikamoo, mama,” alisema Paskali, mwenyekiti, aliyekuwa na umri wa kuwa mwanawe. “Ukishindwa si aibu. Nitakuandika pamoja na mzee.”

“Marahaba. Tukiandikwa wote wawili, mwanangu, tutakula nini?”

Paskali akainamia daftari lake.

Wakamtwika. Mwanzoni alikwenda vizuri. Penye mwinuko, goti la kushoto likaanza kusaga kama lina mchanga ndani. Hakuthubutu kupumzika, alijua akisimama hataondoka tena.

“Tua, dada,” jirani yake Felista alimwambia njiani. “Utajiumiza bure.”

Elina akazidi kupanda. Akafika ofisini, wakamtua.

“Anaweza,” Paskali akaandika, kisha akakohoa. “Basi, mama, kuanzia kesho ni kipande kizima, kama vijana. Aliyeweza debe hapewi nusu. Ndivyo kamati ilivyopitisha.”

Kila neno la kupinga lingempeleka Elina kwenye orodha ya Laurenti. Akasema ahsante, akaondoka.

“Umepita?” Laurenti aliuliza alipofika nyumbani.

“Nimepita.”

“Nusu?”

“Kizima.”

Elina akashika nguzo, akajishusha taratibu hadi chini, akapuliza moto, akabandika uji. Alipotaka kuinuka, miguu haikumsikia. Laurenti akampa mkono, akavuta. Mgongo ukamkata, akamwachia.

“Ngoja kidogo,” alisema akihema. “Nitajaribu tena.”

“Ngoja wewe,” alisema Elina. “Kaa.”

Akaukoroga uji palepale alipokuwa.