Tone Chini ya Bawa la Kushoto

Ndege ya kivita aliyoichora Wagiyo kwenye kompyuta ilikuwa inavuja mafuta, na mkeka wa mkewe ulikuwa umeshaharibika.

Mafuta yalitoka kwenye kioo, chini ya bawa la kushoto, yakadondoka mezani na kufuata mguu wa meza hadi sakafuni. Wagiyo alikinga beseni. Akakaa, akainuka, akazunguka chumba, akakaa tena. Alikuwa fundi wa tairi, na kila jioni alichora ndege kwa kujifurahisha. Alijua kwamba ndege safi huonekana kama ya plastiki, kwa hiyo alizipaka masizi nyuma na nyayo za mafundi juu ya mabawa. Lakini tone hili hakulichora yeye. Alilifuta. Kompyuta ilipomaliza kupanga mwanga na vivuli, lilikuwa limerudi.

Ndege ilikuwa ya mwanawe, Bagas, rubani wa jeshi, yenye namba yake mkiani. Iliwaka moto angani ikaanguka kwenye shamba la miwa, naye akiwa ndani. Wakubwa wa kambi yake walisema rubani alikosea. Sasa ilikuwa imefika karamu ya siku ya elfu tangu kifo, ya mwisho anayofanyiwa marehemu, na Wagiyo alitaka wageni waione ndege ile kabla Bagas hajaagwa na jina lile la rubani aliyekosea.

"Baba Bagas, beseni limejaa," alisema mkewe, Sumirah. "Nitafulia nini?"

"Si kuna ndoo?"

"Ndoo nimempa Mama Parti na mafuta yake, anawashia jiko."

Mama Parti alikuwa jirani. Alidakia kutoka nje: "Wali unaiva upesi, shoga! Ila unanukia uwanja wa ndege."

Siku ya karamu kompyuta iliwekwa mbele ya wageni, beseni likiwa chini yake. Kapteni Hendro, aliyekuwa akirusha ndege pamoja na Bagas, alikuja na shati la batiki. Aliitazama picha, akakinga tone kwa kidole, akanusa.

"Bomba la kushoto," alisema. "Hata yangu ilivuja hivyohivyo. Tulisema."

"Mlimwambia nani?"

"Baba, lile jambo limeshafungwa."

"Lifungue. Mdomo unao."

"Na watoto ninao." Kapteni alipangusa kidole kwa leso. "Futa hilo doa, Baba. Picha itapendeza."

"Nimefuta mpaka mkono unauma. Jaribu wewe, mwenye cheo."

Mtu mmoja alicheka. Dua ikasomwa. Kapteni alikula, akapokea kikapu cha chakula cha kupeleka nyumbani kama wageni wote, akaaga kwa heshima.

Ndege bado inavuja. Nyumba tano za mtaa huo hazinunui tena mafuta ya jiko. Wagiyo huinuka usingizini kumwaga beseni, kisha halali tena.

Kilichopotea ni hiki: mkeka mmoja, mabeseni mawili yaliyotoboka, usingizi wa Wagiyo, na Bagas, ambaye mpaka leo ndiye aliyekosea.