Taa ya Kijani Wodi ya Watoto

Mjazaji alipiga goti mbele ya mashine ya kuuzia maji na biskuti kwa sarafu, akaifungua kwa ufunguo, akaanza kupanga chupa za maji safu ya chini na biskuti safu ya juu. Nyuma yake ukumbi wa wodi ya watoto ulikuwa umejaa akina mama na vilio. Bomba la wodi lilikuwa limekauka tangu juzi, na la chooni ndiyo usiulize.

Simu ya kazi ikalia mfukoni. Humo kila mashine ya ruti yake, yaani njia aliyopangiwa kuzijaza, ilikuwa na taa: kijani inauza, nyekundu haiuzi. Nyekundu ikikaa sana, lori linakuja kuibeba mashine. Na hii ikibebwa, ruti yake ingeunganishwa na ya mjazaji wa jirani, naye angeambiwa asante kwa huduma yako. Shoga yake aliambiwa hivyo hivyo, na sasa anafua nguo za watu.

Si kwamba wodi ile haikuwa na kiu. Kiu ilikuwepo tele, ila mama mmoja akinunua chupa wanagawana watatu, na simu haihesabu makoo, inahesabu chupa. Ndiyo maana tangu mwezi uliopita mjazaji alikuwa akiilisha mashine mwenyewe. Akimaliza kuijaza anatumbukiza sarafu zake, anatoa chupa mbili tatu, anazificha kwenye begi. Nauli yake yote iliishia humo, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Chini ya kitanda nyumbani hapakuwa tena na nafasi.

"Siku hizi tunapikia maji ya chupa," mumewe alimtania. "Majirani watadhani nimeteuliwa waziri."

Aliitazama simu. Kijani! Akashusha pumzi, karibu acheke peke yake. Kisha akasoma maneno ya chini: mashine hii inafanya vizuri, bei ya maji inapanda kuanzia leo, bandika bei mpya.

Akampigia msimamizi.

"Bosi, hii ya wodi ya watoto mbona imepandishwa? Watu wa huku hawana kitu."

"Mimi sijapandisha, dada. Mfumo umeona wananunua, ukapandisha wenyewe. Halafu ajabu, wananunua zaidi saa zile unazopita wewe. Una mkono wa baraka!"

Kumwambia ukweli kulikuwa sawa na kurudisha ufunguo.

"Sawa, bosi."

Alipofunga mlango wa mashine, bibi mmoja aliyembeba mjukuu mgongoni akasogea na sarafu zake tayari mkononi. Akaziingiza, akabonyeza. Mashine ikazitema.

"Mwanangu, imekataa. Jana si ilikubali?"

"Bei imepanda, bibi."

"Imepanda usiku huu huu? Nani kaipandisha?"

Mjazaji aliona aibu. Mtoto mgongoni alikuwa na midomo mikavu, hata kulia alikuwa ameacha. Mjazaji akafungua begi, akatoa chupa aliyokuja nayo ya kunywa njiani, moja ya zile za chini ya kitanda.

"Chukua hii, bibi. Mpe mtoto."

"Ubarikiwe, mwanangu. Wewe una utu. Hao wenye mashine hawana huruma hata chembe."

"Hawana, bibi."

Akabandika bei mpya juu ya ile ya zamani, akaikandamiza pembe zote isije ikabanduka. Akasubiri mpaka bibi alipoingia ndani na mjukuu wake. Kisha akaangalia huku na huku, akatoa sarafu zake na kuona hazitoshi bei mpya, akaongeza zile za mkate wa jioni, akaanza kuziingiza moja moja.