Ugonjwa wa Upande wa Nani

Kijana, fundi wa makochi katika karakana ya baba yake, alifumua makochi ya wateja wote kwa siku moja, akaitupa nje miguu ya makochi hayo na kutangaza kwamba mtindo mpya ni kukaa chini. Baada ya hapo hakuinuka kitandani kwa wiki kadhaa. Daktari aliupa ugonjwa jina, baipola, ule wa hisia kupanda mno na kushuka mno, akampa dawa. Dawa ikamfanya asinzie na sindano ya kushonea mkononi. Sasa alikuwa anasema ataiacha kabisa.

Ndipo daktari akawaita wazee wake. Walikuja watatu: baba mwenye karakana, mama, na shangazi ambaye ni dada mkubwa wa baba.

"Kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivi?" aliuliza daktari.

"Kwetu hakuna," alisema mama upesi.

"Na kwetu ndiyo hakuna kabisa," alisema shangazi.

"Na babu yenu aliyehama nyumba eti inamtazama, wifi?"

"Yule alikuwa mwangalifu. Mjomba wenu je, aliyechumbia wanawake watatu wiki moja?"

"Yule alikuwa na huruma!"

Baba alikuwa anakagua mshono wa kiti alichokalia.

Daktari alisubiri wachoke. "Ugonjwa huu huandama ukoo, lakini hakuna jeni moja, yaani chembe ya urithi, ya kumlaumia mtu. Ni nyingi, ndogo ndogo, na zinaweza kutoka pande zote mbili. Wapo wanaozirithi wasiugue. Mimi sitafuti mshtakiwa. Ipo dawa, lithiamu, ambayo ikimfaa ndugu wa damu, huenda ikamfaa na huyu. Nani ameitumia?"

Kijana aliwatazama, kope zikimshuka.

Shangazi akafungua pochi, akaweka kichupa cha vidonge mezani.

"Tangu lini?" daktari alimuuliza.

"Tangu nilipopaka rangi nyumba ya jirani akiwa safarini."

"Wifi! Si ulisema ni vidonge vya presha?"

"Na presha ninayo. Ya kukuficha wewe."

Baba aliinua kichwa. "Dada, ile rangi ya zambarau? Jirani hanisalimii mpaka leo, anadhani ni mimi!"

"Shangazi," alisema kijana, "vinakulaza mchana?"

"Hapana. Kiu ipo, mkono hutetemeka kidogo, na damu napimwa, tangu kabla ya kuanza, ili dawa isinidhuru. Lakini mapazia yangu nashona mwenyewe, umeyaona."

"Yamepinda."

"Yamepinda kwa sababu sijui kushona. Usiisingizie dawa."

Kijana alicheka mpaka akashika meza. Kisha akakunja mkono wa shati, akamgeukia daktari.

"Haya, nipime hiyo damu."