Mtoto Asiyelia

"Amelala vizuri," mwanafunzi Kageha alisoma kwenye faili, akaongeza kwa majivuno, "halii kabisa, Sista."

Nerima, muuguzi aliyewafundisha, alifunua blanketi. Muhiba, binti wa miaka saba kutoka mtaa wa Ziwani, alikuwa amekunja magoti hadi kwenye uvimbe wa tumbo, macho wazi, ameuma pindo la shuka. Nje, nyundo za maseremala wa soko la Gikomba ziligonga, na kila zilipogonga kope zake zilicheza.

"Mtoe hiyo shuka mdomoni," Nerima alisema, "halafu uniambie tena amelala."

Wanafunzi wanne wakatazama sakafu. Ilikuwa wiki ya tatu ya mafunzo, mwaka wa themanini na saba, na kantini walikuwa wamekwisha kumbandika Nerima jina Sista Kaburi, kwa kuwa aliwafundisha kuuguza watoto wa saratani ambao madaktari wamewakatia tamaa. Naye hakuwapenda. Walimuudhi hasa waliposifu utulivu. Mtaani mtoto akidungwa sindano asilie, mama yake hupongezwa. Wasichana hawa walilelewa hivyo, wakaja na tabia hiyo wodini, dawa wakawapa wapiga kelele tu. Muhiba alirukwa kwenye dawa ya saa nne. Sasa ilikuwa saa tano unusu.

Morfini, ile dawa kali ya maumivu, ilifungiwa kabatini, ufunguo ukakaa kiunoni mwa Matroni Koki, na daftari lilitaka sahihi mbili. Nerima alimfuata ofisini, Kageha nyuma yake. Matroni alikuwa akinywa chai. Alisema mtoto asiyelia hana maumivu, na kwamba Nerima anawalewesha watoto wa watu ili wafe upesi.

"Kufa atakufa, Matroni, na wewe unajua," Nerima alisema. "Lakini si huku anauma shuka."

Matroni aliurusha ufunguo mezani. Sahihi ya pili, alisema, si yake, na mwanafunzi yeyote atakayeitia ataandikiwa barua arudi kwao kesho. Alimtazama Kageha alipotamka hayo.

Kageha alikuwa amenuna tangu walipotoka wodini. Mbele ya wenzake alikuwa ameaibishwa, na hilo hakuwa amelisamehe; lakini alama za meno kwenye ile shuka alikuwa ameziona.

"Nipeni kalamu," alisema.

Alitia sahihi kwa hasira, karatasi ikachanika kidogo.

Dawa ilipita kooni kijiko kwa kijiko. Nusu saa baadaye magoti ya Muhiba yalianza kukunjuka. Alinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Akatazama huku na huku, akauliza viatu vyake viko wapi, na alipoambiwa mama ameondoka navyo, aliangua kilio ambacho wodi nzima haikuwahi kukisikia kwake.

"Sasa analia, Sista," Kageha alisema, ameingiwa na hofu.

"Anataka kwenda nyumbani. Mwache alie."

Kutoka ofisini Matroni alifoka kwamba mtoto huyo anyamazishwe. Kageha akaenda, akaufunga mlango wa wodi, akauegemea kwa mgongo. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani, akaanza kuhesabu zimebaki saa ngapi hadi dawa nyingine.