Pedali ya Nne Ilipokuja Kuposa

Usiku wa kuamkia leo niliota shangazi kumi wamekaa sebuleni kwangu wakisubiri chai, na kila mmoja wao alikuwa uzi wa gitaa. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba walikuja bila kupiga simu.

Nieleze kwanza, mtu asije akadhani nilikuwa na homa. Mimi hupiga gitaa la pedali katika bendi yetu ya nyumbani hapa Molo. Ni gitaa linalolala kama meza, lina miguu minne na nyuzi kumi. Mkono mmoja unadonoa, mwingine unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na mguu wa kushoto unakanyaga pedali zinazovuta nyuzi zikiwa bado zinalia. Ndiyo ile sauti ya kulialia mnayoipenda kwenye muziki wa kantri. Gitaa langu lina pedali tatu, na zote tatu hupandisha. Nafasi ya nne ipo. Fundi Barmasai, yule anayechomelea mageti kando ya barabara, alikubali kuiweka leo kwa kutumia spoku za baiskeli, mradi nimwambie ivute nyuzi zipi na izipeleke wapi. Alisema akishatoboa ametoboa, nisimrudie na machozi.

Mwimbaji wetu ni binti yangu, Jelagat. Juzi baada ya mazoezi aliniambia kwamba kwenye harusi ya binamu yake ataimba na muziki uliorekodiwa kwenye flashi, sio na mimi. Hakugomba. Alisema flashi haimkimbizi juu. Nikamjibu kwamba mwenye sauti haogopi kupanda. Akasema sawa, akaenda kulala. Kwa hiyo nilikuwa nikitafuta pedali moja tu, ya kumrudisha mtoto wangu. Kushindwa na kitu cha kuning'iniza kwenye funguo sikuwa tayari.

Basi, ndotoni, Barmasai anaingia sebuleni amevaa koti la suti na kinyago cha kuchomelea. Ananiambia wachumba wako nje.

Kwetu mchumba haendi moja kwa moja kwa binti. Anakaa mbele ya shangazi, anaulizwa anamtaka nani, atampeleka wapi, na akimchukua atamrudisha lini kusalimia. Nilijua utaratibu huo, kwa hiyo nikapanga viti. Wachumba walikuwa pedali.

Wa kwanza alikuwa mrefu, aliyepakwa nikeli mwili mzima, ananukia mafuta ya cherehani. Alisema anamtaka Shangazi wa Kwanza, yule mwembamba kuliko wote, na kwamba atampandisha.

"Hadi wapi?" akauliza Shangazi wa Tatu.

"Juu."

"Halafu?"

"Juu zaidi."

Nilimpenda sana. Niliagiza aongezewe chapati.

Shangazi wakasema ajaribiwe. Nilipoinama kutafuta pedali zangu, sebule ilikuwa imekwisha kuwa uwanja wa harusi, na mahema na viti vyeupe vya plastiki. Jelagat amesimama mbele na maikrofoni. Kwenye meza kuu, kati ya bwana harusi na keki, imekaa flashi. Imefunga tai na inakula pilau.

Naanza kupiga. Nakanyaga pedali ya kwanza na Jelagat anapanda hewani kimo cha kigoda. Nakanyaga ya pili, anafika juu ya hema. Mchumba mwenye nikeli anajikanyaga mwenyewe, na Jelagat anavuka misonobari. Viazi vinang'oka shambani kwa jirani na kupanda naye. Mbuzi wawili wa mahari wanapita wakitafuna, hawana habari. Wageni wanapiga makofi.

"Mama," Jelagat anasema kwa maikrofoni, "huku hakuna hewa."

Nikamwambia apumue kwa tumbo.

Alijaribu. Mwisho wa mstari, pale wimbo unapotaka kuteremka, alifungua mdomo na pasitoke kitu. Nikafanya ninavyofanya siku zote mtu akikwama: nikamwongezea pedali ya tatu. Akawa mdogo kama ndege.

Flashi ikafuta midomo kwa kitambaa. Ilisema kwa heshima kwamba yenyewe haipandi wala haishuki, haichoki, na ikiwa nitashindwa iko hapa. Iliniita mama mkwe.

Nikamwambia Barmasai alete ngazi. Akasema ngazi ni ya jirani, na imepanda pamoja na viazi. Basi leta wachumba wengine, nikasema. Wakaja. Mmoja alimtaka Shangazi wa Saba, ampandishe. Mwingine alimtaka wa Pili, ampandishe kidogo kidogo. Wa tatu aliwataka wote kwa pamoja, na Shangazi wa Tisa akamwonyesha njia ya kutokea. Nikauliza kama hakuna yeyote anayeweza kumteremsha mtu. Wakaangalia viatu vyao.

"Mimi nashusha," ikasema sauti karibu na mlango. Uwanjani hapakuwa na mlango, lakini alikuwa amekaa karibu nao. Pedali mfupi, mwenye gamubuti zenye matope, amekwisha kumaliza chai yake na ya jirani. Alisema anawataka Shangazi wa Tano, wa Sita na wa Kumi, atawateremsha sauti moja nzima, kama kutoka re hadi do, kisha atawarudisha kila mmoja mahali pake.

Zogo likazuka. Shangazi wa Kwanza akauliza tangu lini watu wa heshima wanaposa ili washushe. Wa Nne akasema ukoo wetu ni wa kupanda tu, hata marehemu babu alipanda. Mimi mwenyewe nilimwambia yule bwana kwamba sikusomesha mtoto ili ateremke.

Hapo Shangazi wa Kumi akajivuta kwenye kiti. Ndiye mnene kuliko wote, na akisema vikombe vinatetemeka.

"Mama Jelagat," akasema, "tangu ulinunue gitaa hili mimi unanipandisha tu. Umewahi kuniuliza hali ya magoti?"

Nikakiri kwamba sijawahi.

"Huyo mtoto juu amekuomba nini?"

"Ameomba hewa."

"Na wewe umempa nini?"

Shangazi wa Kumi akamgeukia mwenye gamubuti, akamwambia amekubaliwa, ila aje na blanketi la shangazi, kama ilivyo desturi. Tayari alikuwa nalo. Barmasai akateremsha kinyago, cheche zikaruka, na pedali ya nne ikawa chini ya mguu wangu.

Nakanyaga. Jelagat anaanza kuteremka. Anashuka vizuri, anavuka misonobari, anafika usawa wa hema, kisha anasimama hewani. Viatu vyake vinaning'inia juu ya keki. Nakanyaga kwa nguvu zaidi. Hasogei.

"Kuna nini tena?" nikauliza.

"Angalia mguu wako," akasema Shangazi wa Tano. Alikuwa amenyooka kama kamba ya nguo, jasho linamtoka.

Nikaangalia. Kisigino kilikuwa kwenye pedali ya nne. Vidole vilikuwa bado kwenye ya kwanza. Mguu wangu umekaa pale miaka kumi na tatu, mimi hata sijui kama uko pale. Pedali ya kwanza ilikuwa inamvuta Shangazi wa Tano juu, na ya nne inamvuta chini, na yeye katikati anatuvumilia sote.

"Siwezi kwenda kote kuwili," akasema. "Amua, mke wa kaka."

Nikasema nikitoa mguu mtoto ataanguka.

"Hajawahi kuanguka," akasema Shangazi wa Kumi. "Amewahi kuvutwa tu."

Flashi imesimama, inakaza tai, imeshaanza kuelekea jukwaani. Mguu wangu hautaki kutoka. Nauvuta kama mtu anayetoa gamubuti kwenye tope, kidole kimoja kimoja, na kidole gumba ndicho cha mwisho. Pedali ya kwanza inarudi juu peke yake na kutoa mlio mdogo.

Jelagat akateremka. Hakuanguka. Alikuja taratibu na mstari wa wimbo mdomoni, na kadiri alivyoshuka ndivyo sauti ilivyozidi kuwa yake, nene, ya kifua, sauti ambayo sikuwa najua anayo kwa sababu sikuwa nimewahi kumngoja huko chini. Viatu vikagusa majani. Viazi vikarudi mashimoni. Flashi ikasema ina shughuli Nakuru, ikaondoka bila kumaliza pilau.

Kisha nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilienda sebuleni nikiwa na kanga na soksi, nikafunua gitaa na kujaribu nyuzi moja moja. Saba zilikuwa sawasawa kama nilivyoziacha. Uzi wa tano, wa sita na wa kumi zilikuwa zimeshuka, kila mmoja sauti moja nzima, si zaidi si pungufu.

Baridi ya Molo hupandisha nyuzi. Haijawahi kushusha.

Sikuzirekebisha. Nilikaa, nikapiga ule mwisho wa mstari hivyo hivyo, miguu yote miwili sakafuni, nikangoja. Jikoni sufuria zikanyamaza. Jelagat akauimba mstari mpaka chini kabisa, akakaa hapo muda aliotaka mwenyewe.

Nikampigia simu Barmasai, nikamwambia ni ya kushusha, nyuzi tatu, atoboe.

Nilipokata simu, Jelagat alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Akauliza nani amezilegeza zile nyuzi. Nikamwambia ni shangazi zake, nikitarajia acheke, maana ana shangazi mmoja tu duniani, na huyo ni mwembamba kama fito.

Hakucheka.

"Hata yule mnene alikubali?" akauliza.